Mtoto wa Sitini na Moja

YAH: TOFAUTI YA MTOTO MMOJA KATI YA DAFTARI LA MAHUDHURIO NA SINIA LA KADI.

Ndivyo barua ilivyoanza, kwa herufi kubwa na mstari chini yake, na ndivyo balaa lilivyoingia katika kliniki ya watoto: kwa mlango wa mbele, likiwa na mhuri.

Barua ilitoka ofisi kuu. Ilimtaka muuguzi mkuu aeleze, ndani ya siku tatu, kwa nini siku ya kliniki ya mwezi uliopita daftari la mlangoni lilionyesha watoto sitini na mmoja, ilhali kadi zilizopimwa zilikuwa sitini. Haikuuliza kama watoto hao walikuwa wazima. Ofisi kuu haikuwa na mazoea ya kuuliza jambo lisilo na safu kwenye jedwali.

Muuguzi huyo akina mama walimwita Sista Gramu, nyuma yake na mbele yake, naye hakuona ubaya. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama kando ya mizani ileile ya kuning'inia, yenye uso wa saa na ndoano iliyobeba kaptura ya turubai ambamo watoto huning'inizwa wakipiga mateke. Kila siku ya kliniki alianza kwa mawaidha, mikono kiunoni.

"Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito, si kwa umri wala kwa huruma. Akiwa na homa msimfunike mablanketi kama mzigo wa kusafirishwa, mvueni, mpeni maji, mnyonyesheni. Akiharisha, chumvi ya pakiti na maji safi, kidogo kidogo, kila mara. Kifua kikibonyea ndani akipumua, au akikohoa kwa kubweka, hapo usingoje kesho wala usingoje baba yake arudi. Na asali kwa mtoto wa chini ya mwaka hapana, hata kama imetoka kwa mama mkwe."

Hapo wote hucheka, na kazi huanza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mama akifika mlangoni, karani humpa namba katika daftari, na kadi yake huwekwa kwenye sinia. Sista Gramu huchukua kadi ya juu, huita, hupima, huweka kitone cha wino kwenye kadi. Vitone vikiunganishwa huwa mstari, na mstari ukipanda mama huenda nyumbani akitembea kwa maringo.

Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, anayeitwa Bwana Utaratibu kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo.

"Bwana Utaratibu," Sista Gramu alimwuliza, barua mkononi, "huyu wa sitini na moja ni nani?"

"Nilimwandika."

"Nimeona ulimwandika. Nauliza ni nani. Safu ya jina iko wazi."

Karani alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nilikuwa nimeinama, Sista. Nikasikia mtoto anakohoa mbele ya meza. Kile kikohozi cha kubweka unachowaambia wasichelewe nacho. Nikaandika namba kwanza ili asikose nafasi, halafu nikainua uso niulize jina."

"Enhe?"

"Hapakuwa na mtu. Nikadhani mama yake amekwenda kumnawisha."

"Basi ungefuta."

"Kwenye daftari la wino?" Bwana Utaratibu aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeambiwa amchape baba yake.

Sista Gramu alifanya kile ambacho mtumishi yeyote mwenye akili na siku tatu mkononi angefanya. Alivuta kadi mpya. Namba: sitini na moja. Jina: aliandika Mtoto, maana wengi huja hawajapewa majina. Uzito: kilo tatu kamili, uzito wa mtoto asiyeleta maneno. Tarehe ya kurudi aliijaza kwa mazoea tu. Alipofika kwenye jina la mama, kalamu ilisita. Kumzua mtoto aliona ni kusawazisha hesabu. Kumzua mama aliona ni uongo. Aliiacha safu hiyo wazi, akagonga mhuri, akaenda kunawa mikono.

Ofisi kuu ilimwandikia barua ya pongezi.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya kliniki, kabla ya mama yeyote kufika, aliinua macho kwenye mizani akaona mshale haupo kwenye sifuri. Kaptura ilikuwa tupu. Mshale ulisimama kwenye kilo tatu kamili, umetulia kama uliotumwa hapo.

Alikaza skrubu ya pembeni mpaka mshale ukarudi. Mizani ilikuwa kuukuu, na vikuukuu vina haki zao. Alianza kushangaa alipochukua kadi ya kwanza kwenye sinia. Ilikuwa ya sitini na moja. Mwenyewe aliifungia kabatini, na ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwake.

"Hii kadi nani kaitoa?"

"Tarehe yake ya kurudi ni leo," alisema Bwana Utaratibu bila kuinua uso. "Mimi sikuitoa. Lakini ni leo."

Siku ile watoto wengi hawakuongezeka uzito. Wengine walikuwa wamepungua, huyu gramu mia, yule mia na hamsini. Si jambo la kutisha kwa mtoto mmoja, ila Sista Gramu hakuwahi kuona wakipungua kwa foleni. Aliwakaripia akina mama kuhusu uji mwepesi. Aliwatazama mikono, kanga na vikapu, akitafuta mwenye uso wa kuficha kitu. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha, na kila alipouliza ni mtoto gani katapika, wote walitazamana wakakataa.

Jioni, akifunga, alikuta kwenye kadi ya sitini na moja kitone kipya. Kilo tano na nusu. Wino ulikuwa wake. Na mkia mdogo kwenye kitone, ule unaoachwa na kalamu yake kwa sababu huinua mkono haraka, ulikuwapo pia.

Alimshuku karani papo hapo. Nani mwingine angeweza kuiga mwandiko wake? Kwa wiki nzima alimnyemelea, akamvizia akinywa chai, akamvizia akichonga penseli, akakagua vidole vyake. Hakugundua kitu isipokuwa kwamba Bwana Utaratibu hula chapati kwa kuikata vipande vilivyolingana. Mwishowe aliichana kadi ile vipande vinane, akavitupa kwenye jiko la kuchomea taka, akasimama mpaka vikawa majivu.

Baada ya siku mbili karani alimwekea mezani kadi mpya, safi, namba sitini na moja, vitone vyote viwili mahali pake.

"Umeipata wapi hii?"

"Niliona haipo kabatini. Kanuni inasema kadi ikipotea inaandikwa nyingine kutoka kwenye daftari. Nimekusaidia, Sista."

Alitamani kulia. Jini labda lingefukuzika. Utaratibu nani auweze?

Yote hayo angeyavumilia, lau si Kibonge.

Kibonge alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kiume anayefanya kazi mbali, miezi minane, mashavu mawili ya kutosha watoto watatu. Yeye na mama yake waliishi kwa Sista Gramu, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kliniki, na alipimwa kwenye mizani ileile kama watoto wengine. Mwezi wa kwanza wa barua alikuwa kilo nane na gramu mia sita. Uliofuata, nane na mia tatu. Wa tatu, saba na mia nane. Jina lake lilianza kuonekana kama mzaha usio na adabu.

Bibi alianza kumchunguza mkwewe. Alipiga mstari wa penseli ndani ya kopo la unga wa uji ili ajue unapungua kiasi gani. Alihesabu mara za kunyonya. Alimpima mtoto homa, akamtazama ulimi, akamvuta kope kuangalia wekundu, akapeleka choo chake kikapimwe minyoo. Hakuna kitu. Mtoto alikula, alicheka, alilala, na alikuwa anakwisha.

"Mara ngapi leo?" alinong'ona jikoni, kwa sababu mtoto alikuwa amelala chumba cha pili.

"Mara tano, mama, na ziwa juu yake." Mkwe naye alinong'ona. "Na mstari wako kwenye kopo nimeuona."

"Sikuuweka kwa ubaya."

"Uliuweka kwa penseli. Mama, wewe unajua gramu zake zote, lakini ukimpima humtazami yeye. Unatazama mshale."

"Nitazame nini kingine?"

Mkwe alifunga mlango kwanza. "Ukimweka kwenye ile kaptura, anakunja miguu yote miwili upande mmoja. Wengine wanapiga mateke. Mwanangu anabana, vile anavyobana kitandani ninapolala karibu naye. Anampisha mtu, mama."

Sista Gramu alitaka kucheka, akashindwa. Kesho yake mchana, siku isiyo ya kliniki, alichukua jiwe la chuma la kilo tano, lile la kukagulia mizani, akaenda kwenye chumba cha kupimia peke yake. Jua lilikuwa limejaa madirishani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, sakafu imepigwa deki, na kwenye ukuta bango la mtoto mwenye afya lilimtabasamia kama kawaida. Alikaza skrubu mpaka sifuri. Akaweka jiwe ndani ya kaptura.

Kilo kumi na nne.

Akatoa jiwe. Mshale ulishuka taratibu, kama mtu ashukaye ngazi asiyetaka kusikika, ukafika tisa, ukasimama.

Ndipo ile harufu ya maziwa yaliyochacha ilipopanda kutoka sakafuni, ikiwa na uvuguvugu ndani yake, uvuguvugu wa utosi wa mtoto aliyelala kifuani, na ndoano ikaanza kulia kwii, kwii, kwa mwendo wa kitu kinachobembea kwa raha, na kaptura ya turubai ambayo dakika moja nyuma ilikuwa imenywea ikaanza kujaa, kwanza makalio, kisha paja moja, kisha la pili, turubai ikinyooka mkunjo mmoja baada ya mwingine mpaka matundu ya miguu yakawa mviringo kamili yenye giza ndani, na kutoka juu ya kaptura, mahali ambapo kifua kingekuwa, kikohozi kikatoka, kikavu, cha kubweka, kikohozi ambacho kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaambia wanawake wasikingojee kesho.

Mwili ulimwambia akimbie. Mdomo, uliozoea kazi kuliko mwili, ulisema kile ambacho ulisema kila mara mtoto alipokohoa hivyo:

"Mama wa mtoto huyu yuko wapi?"

Kaptura iliacha kubembea. Ndoano ikanyamaza. Chumba kizima kilitulia kwa namna ambayo aliitambua mara moja, maana aliiona kila siku kwenye mabenchi yale: utulivu wa mtu anayesubiri jina litajwe.

Alitoka kinyumenyume.

Mwalimu wake wa zamani, mkunga mstaafu, aliishi mtaa wa pili. Ndiye aliyemfundisha kushika kichwa cha mtoto na kushika ulimi wake mwenyewe. Tangu astaafu watu walimfuata pia kwa mambo ambayo hospitali haiyatolei risiti, naye aliyashughulikia bila mbwembwe, kama alivyoshughulikia kitovu. Alimkuta anakunja nguo zilizokauka. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho huku akioanisha soksi.

"Ulimpa namba," alisema.

"Karani ndiye aliyempa."

"Usinitajie karani. Karani aliandika namba tu. Wewe ulimpa kadi, ukampa uzito, ukampa na siku ya kurudi. Hivi viumbe vinapita milangoni kila siku, binti yangu, vinakohoa, vinaondoka. Hakuna anayeviambia karibu. Wewe ulimwambia karibu, na mhuri ukapiga."

"Nifanyeje? Niandike amefariki?"

Soksi zilianguka. "Thubutu! Ukiandika kifo patatakiwa maiti. Na hapo kwenu aliye mwepesi kuliko wote ni nani?"

Sista Gramu aliziba mdomo.

"Kuna fomu ya uhamisho," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Ipo. Na ina safu ya kliniki anakohamia. Utaandika ipi? Itaje hapa nikusikie, na uniambie ina watoto wangapi."

Sista Gramu alitikisa kichwa. Mkunga aliokota soksi, akatafuta ya pili yake.

"Ananyonya kote kwa sababu hana kwake. Kuna safu moja uliiacha wazi."

"Niliiacha kwa sababu sikutaka kusema uongo."

"Basi usiseme uongo," alisema mkunga, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Huyo mtoto nani kamleta?"

Njiani kurudi aliamua kwanza kujaribu njia ya watu wenye akili timamu. Aliandikia ofisi kuu, akakiri kosa, akaomba namba sitini na moja ifutwe. Jibu lilikuja mapema kuliko jibu lolote katika utumishi wake. Mtoto aliyesajiliwa hafutwi. Aidha, ofisi ilifurahi kuona mtoto huyo anaendelea vizuri kuliko wenzake wote kituoni, na ilipendekeza mama yake aalikwe azungumze na akina mama wengine.

Siku ya kliniki ikafika. Kadi ya kwanza kwenye sinia ilikuwa ya Kibonge, na chini yake, kana kwamba kuna mtu aliyepanga makusudi, ilikuwa ya sitini na moja. Mabenchi yalikuwa yamejaa, lakini hakuna aliyekuwa akipiga soga. Akina mama walikuwa wameanza kuzungumza pembeni wenyewe kwa wenyewe. Walimshuku muuguzi, walishuku mizani, na mmoja alikuwa amekuja na mizani ya dukani ndani ya kikapu.

Mkwe alimweka mtoto ndani ya kaptura. Kibonge alikunja miguu upande mmoja, polepole, bila kulia. Safari hii bibi yake hakutazama mshale. Alimtazama mtoto. Aliona paja dogo likibonyea ndani, kama nyama ibonyeavyo inapoegemewa, na aliona macho ya mjukuu wake yakigeuka kumtazama mwenzake aliyekaa naye, kwa uchovu wa mtu aliyepokea mgeni asiyejua kuaga.

"Mama," alinong'ona mkwe. "Mtoe. Tafadhali."

"Shika kiwiliwili chake. Usimwachie."

Sista Gramu alivuta kadi ya sitini na moja. Mwandiko ulikuwa mzuri. Hakuwahi kuandika vibaya kwenye karatasi ya serikali. Kwenye safu ya jina la mama aliandika jina lake kamili, matatu yote, akagonga mhuri.

Ndoano ililia mara moja. Miguu ya Kibonge ilikunjuka, yote miwili, na mmoja ukampiga mama yake kidevuni. Mshale uliruka, ukatua kilo sita na gramu mia tisa, uzito wa mtoto mmoja. Na Sista Gramu, aliyekuwa ameketi, alihisi mapajani mwake kitu kizito na cha uvuguvugu kikijipanga, kikitafuta mahali, kisha kikiegemea.

"Vipi, Sista?" aliuliza Bwana Utaratibu kutoka mlangoni. "Kuna tatizo?"

"Hakuna. Ita anayefuata."

Mwezi uliofuata Kibonge alikuwa kilo saba na nusu, na uliofuata nane na mia mbili, na jina lake likaacha kuwa mzaha. Watoto wote waliongezeka. Mizani ya dukani ilirudishwa dukani. Harufu ya maziwa yaliyochacha iliondoka kwenye chumba cha kupimia, na ofisi kuu ikatuma cheti cha kliniki bora, kikatundikwa kando ya bango la mtoto mwenye afya.

Mkwe ndiye aliyeona mengine. Aliona mkanda wa sare ya mama mkwe ukitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Aliona jinsi anavyokaa jioni na mkono wa kushoto umepinda, akitikisa goti. Siku moja akimfulia sare alikuta kifuani madoa mawili ya mviringo, yamekauka, yananuka maziwa. Mama mkwe alikuwa na miaka hamsini na minane.

"Mama," alimwambia, mlango ukiwa umefungwa, "twende hospitali kubwa. Umebaki mifupa."

"Nitapona akifika miaka mitano," alisema Sista Gramu. "Wakifika mitano wanaachishwa kliniki. Ipo kwenye kanuni."

"Nani akifika?"

Sista Gramu aliinamisha uso, akapiga taratibu, kwa kiganja, mgongo ambao mkwe hakuuona, mpaka kikohozi kikatulia.

Kwenye ripoti ya mwaka, kifungu cha maelezo ya ziada, ofisi kuu iliandika kwamba tofauti ya mtoto mmoja ilitatuliwa kiutawala. Kilichotokea ni hiki: muuguzi alimwandikia kadi mtoto asiyekuwepo ili hesabu ilingane, mtoto akaja, na sasa muuguzi anamnyonyesha.